Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu namba 2,147,483,647

Watu huifikia namba hii kwa njia mbili. Kuna mpenzi wa hisabati aliyekutana nayo kwenye orodha ya namba tasa, na kuna mwandishi wa programu aliyeona jumla yake imegeuka hasi ghafla akaenda kutafuta kisa. Wote wawili huuliza, na mara nyingi huchanganya mambo mawili ambayo hayana undugu. Hapa nimekusanya maswali yanayojirudia zaidi. Penye uthibitisho unaofuatika kwa kalamu na karatasi nimeuweka wote. Usiuruke, ndio utamu wenyewe.

Inasomwaje?

Bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, elfu mia nne themanini na tatu, mia sita arobaini na saba. Mimi sehemu ya katikati huisema kwa laki: laki nne na elfu themanini na tatu. Sababu ni kwamba "elfu mia nne themanini na tatu" ikisemwa haraka, msikilizaji anaweza kuandika 1,483 na asiwe na kosa lolote.

Ni kubwa kiasi gani hasa?

Anza kuhesabu moja, mbili, tatu, namba moja kwa kila sekunde, usile wala usilale. Utaifikia baada ya siku 24,855, yaani miaka 68 na wiki mbili na kitu. Ikumbuke hiyo miaka 68, itarudi hapo chini ikiwa na madhara yake.

Imetokana na nini?

Chukua 2, iongeze maradufu mpaka uwe umezidisha mbili 31 kwa pamoja. Unapata 2,147,483,648, yaani 2³¹. Toa moja.

Hiyo "toa moja" inaonekana kama pambo, lakini ndiyo yenye siri. Katika namba zetu za kawaida, ukitoa moja kwenye 1,000 unapata 999, tarakimu zote zimejaa. Katika namba zinazoandikwa kwa 0 na 1 tu, mambo ni yale yale: 2³¹ ni 1 ikifuatwa na sifuri 31, na ukitoa moja unapata moja 31 zilizojipanga bila sifuri hata moja katikati. Namba yetu basi ni "999" ya mashine. Kwa wale wanaotumia kizio cha kumi na sita, inaandikwa 7FFFFFFF.

Ni namba tasa?

Ndiyo. Haigawanyiki bila baki kwa kitu chochote isipokuwa 1 na yenyewe. Ukizipanga namba tasa zote kuanzia 2, 3, 5, yenyewe inakaa nafasi ya 105,097,565. Jirani yake wa nyuma ni 2,147,483,629 na wa mbele ni 2,147,483,659.

Nani alithibitisha, na alifanyaje kabla ya kompyuta?

Leonhard Euler, mwanahisabati kutoka Uswisi. Taarifa yake ilitoka mwaka 1772, katika barua aliyomwandikia mmoja wa ukoo wa Bernoulli, ukoo uliojaa wanahisabati. Wakati huo alikuwa Saint Petersburg, umri umepita miaka sitini, na macho yake yalikuwa karibu yamezima kabisa.

Njia inayomjia kila mtu kwanza ni kugawanya kwa kila namba tasa kuanzia 2 na kupanda. Habari njema ni kwamba huhitaji kufika mbali sana. Namba ikiwa ni zao la namba mbili, lazima moja kati ya hizo isizidi kipeuo chake cha pili, na kipeuo cha pili cha namba yetu ni 46,340 na ushei. Habari mbaya ni kwamba chini ya 46,340 kuna namba tasa karibu 4,800. Kugawanya mara 4,800 kwa mkono bila kukosea popote ni adhabu.

Euler hakufanya hivyo. Alijiuliza kwanza: kama kuna namba tasa inayoigawa 2³¹ − 1 bila baki, tuiite q, itakuwa na sura gani?

Tazama mabaki. Kusema q inaigawa 2³¹ − 1 ni kusema kwamba 2³¹ ikigawanywa kwa q inabaki 1. Sasa andika mabaki ya 2, 4, 8, 16 na kuendelea, kila moja ikigawanywa kwa q. Mabaki hayo yanazunguka: yakishafika kwenye 1 yanaanza upya. Urefu wa mzunguko mmoja lazima uigawe 31, na kwa kuwa 31 yenyewe ni tasa, urefu ni 1 au 31. Ukiwa 1, maana yake 2 ikigawanywa kwa q inabaki 1, jambo lisilowezekana. Kwa hiyo urefu ni 31. Na Fermat, mwanahisabati Mfaransa aliyemtangulia Euler, alikwishaonyesha kwamba mzunguko wa namna hii daima huigawa q − 1. Basi 31 inaigawa q − 1. Tena q ni witiri, kwa hiyo q − 1 ni shufwa, na hapo tunasema 62 inaigawa q − 1. Kwa hatua hiyo moja namba tasa nyingi sana zimekwishaondoka mezani.

Kuna sharti la pili, na hili nalipenda zaidi. Namba 2³² ni 2³¹ mara mbili, kwa hiyo ikigawanywa kwa q inabaki 2. Lakini 2³² ni mraba wa 2¹⁶. Kwa maneno mengine, kwenye mabaki ya q, mbili ni mraba wa kitu fulani. Hilo hutokea tu kwa namba tasa za witiri ambazo zikigawanywa kwa 8 zinabaki 1 au 7.

Unganisha masharti mawili, unapata hili: q ikigawanywa kwa 248 lazima ibaki 1 au 63. Basi. Orodha ya watuhumiwa inaanza 63, 249, 311, 497, 559 na kuendelea, na mpaka 46,340 ni 373 tu. Wengi wao hata si tasa: 63 ni 7 × 9, 249 ni 3 × 83, 497 ni 7 × 71, 559 ni 13 × 43. Ukichuja hao wote wanabaki themanini hivi. Kutoka 4,800 mpaka themanini, na bado hatujagawanya chochote.

Tugawanye watatu wa kwanza ili uone kazi ilivyo:

2,147,483,647 ÷ 311 = 6,905,092, baki 35
2,147,483,647 ÷ 1,303 = 1,648,107, baki 226
2,147,483,647 ÷ 1,489 = 1,442,232, baki 199

Na kuendelea hivyo hadi mwisho wa orodha, kila mara kunabaki kitu. Mtu mwenye subira anaweza kuimaliza kazi hii mwisho wa juma mmoja. Baada ya hapo hakuna aliyeonyesha namba tasa kubwa kuliko hii mpaka katikati ya karne ya 19.

Kwani kila 2 yenye kipeo chochote, ukitoa moja, inakuwa tasa?

Hapana, na hapa watu wakubwa wameumbuka.

Kipeo kisipokuwa tasa, jibu nalo si tasa. Hilo ni rahisi. 2¹⁵ − 1 ni 32,767, nayo ni 7 × 31 × 151. Lakini hata kipeo kikiwa tasa hakuna dhamana: 2¹¹ − 1 ni 2,047, nayo ni 23 × 89.

Pietro Cataldi wa Italia alithibitisha vizuri kabisa kwamba 2¹⁷ − 1 na 2¹⁹ − 1 ni tasa, kisha akajiamini akadai kwamba 23, 29, 31 na 37 nazo zinatoa namba tasa. Fermat akaivunja ya 23 (inagawanyika kwa 47) na ya 37 (inagawanyika kwa 223). Euler akaivunja ya 29 (inagawanyika kwa 233). Katika nne zile, iliyosimama ni ya 31 peke yake. Ndipo unapoelewa kwa nini Euler hakutaka kuiacha hivi hivi kwa kubahatisha.

Mwaka 1644 mtawa wa Kifaransa Marin Mersenne alitoa orodha yake ya vipeo vinavyotoa namba tasa, na namba za aina hii zikabaki na jina lake mpaka leo. Orodha ilikuwa na makosa matano: aliingiza 67 na 257 ambazo hazistahili, akasahau 61, 89 na 107. Hakuna aliyeweza kumkagua kwa muda mrefu sana. Ya 67 ilipatiwa vigawo vyake na Frank Nelson Cole mwaka 1903, ambavyo ni 193,707,721 na 761,838,257,287. Zidisha ukitaka kuhakikisha.

Namba yetu ni ya nane katika namba tasa za Mersenne. Vipeo vya zile za kwanza ni 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, kisha 31.

Kompyuta inahusikaje?

Kompyuta nyingi kwa miaka mingi zilihifadhi namba nzima katika biti 32, na biti ni nafasi ya kuweka 0 au 1. Ukitaka kuhifadhi namba chanya na hasi pia, biti moja inatumika kuonyesha alama, zinabaki 31. Zijaze zote kwa moja, na umepata namba kubwa kuliko zote zinazotosha humo: 2,147,483,647. Upande wa hasi unafika 2,147,483,648, umezidi kwa moja, kwa sababu sifuri imekaa upande wa chanya ikachukua nafasi.

Huo uzidi wa moja una kichekesho chake. Katika lugha ya Java, mwombe akupe thamani chanya ya −2,147,483,648 kama namba ya biti 32. Atakurudishia −2,147,483,648. Hana pa kuiweka ile chanya.

Kwa hiyo waliichagua iwe kikomo kwa sababu ni tasa?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na jibu ni hapana. Kikomo kimetokana na idadi ya biti, nayo 32 ilichaguliwa kwa sababu ya mpangilio wa vifaa: 8, 16, 32, 64, kila mara maradufu. Utasa haukuulizwa.

Ushahidi uko kwa ndugu zake. Kikomo cha biti 16 zenye alama ni 32,767, na tumeona hapo juu kwamba ni 7 × 31 × 151. Kikomo cha biti 64 zenye alama ni 9,223,372,036,854,775,807, nacho kinagawanyika kwa 7 mara mbili. Kikomo cha biti 32 zisizo na alama ni 4,294,967,295, yaani 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537. Kati ya hao ni huyu mmoja tu aliyetokea kuwa tasa, kwa sababu ukitoa moja kwenye 32 unapata 31, na 31 ikaangukia kwenye zile chache zilizobarikiwa. Euler alipokuwa anagawanya mwaka 1772 hakukuwa na mashine ya kuijaza biti.

Nikiongeza moja juu yake kinatokea nini?

Inategemea lugha ya programu. Python haina kikomo hicho, itakupa 2,147,483,648 kama kawaida. Java inageuka na kukupa −2,147,483,648, kama kihesabu kilomita cha gari la zamani kinavyorudi sifuri, ila hiki kinarudi chini kabisa ya hasi. Katika lugha ya C, kanuni zenyewe zinasema matokeo hayakuainishwa, na hapo chochote kinaweza kutokea, yakiwemo mambo utakayoyagundua miezi sita baadaye.

Jibu kuzidi nafasi iliyopo huitwa kufurika. Kufurika kukitoa namba hasi, shukuru, maana utaona. Zidisha 50,000 kwa 50,000 upate −1,794,967,296, kila mtu atajua kuna kasoro. Shida ni pale jibu baya linapovaa nguo nzuri. Zidisha namba zote kuanzia 1 hadi 12: 479,001,600, sahihi kabisa, imetosha. Endelea hadi 13: jibu la kweli ni 6,227,020,800, lakini kwenye biti 32 zinazozunguka utaona 1,932,053,504. Ni chanya, ni kubwa kuliko ya 12, inafanana na jibu. Nimeshaona watu wakiipeleka mbele.

Niliwahi pia kuletewa jedwali la wateja ambamo mamia ya watu walikuwa na namba moja ya simu. Mwenye jedwali alidhani ni wizi. Nilipoitazama tu nikacheka: safu ya simu ilikuwa imewekwa kama namba nzima ya biti 32, na mfumo ule, kila ulipopewa namba iliyozidi, uliikata na kuandika kubwa zaidi uliyoweza. Wateja wote walikuwa wanapigiwa 2147483647. Namba ya simu iwekwe kama maandishi. Hakuna siku utakayotaka kujumlisha simu mbili.

Kuna namba kubwa zaidi ninayoweza kuizidisha kwa yenyewe bila kufurika?

46,340. Mraba wake ni 2,147,395,600, unatosha. Ukichukua 46,341 unapata 2,147,488,281, umevuka kwa hesabu ndogo tu, na mashine itakuonyesha −2,147,479,015.

Umeiona hiyo 46,340? Ndipo Euler alipopaswa kusimama. Yeye alikuwa anatafuta vigawo, wewe unaogopa kufurika, na wote mmegonga ukuta mmoja, kwa sababu swali ni lile lile: mraba gani unaingia ndani ya namba hii?

Hii habari ya mwaka 2038 ni nini?

Mifumo mingi ya kompyuta huhesabu wakati kwa sekunde tangu saa sita kamili usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 1970, saa za UTC, yaani saa rasmi ya dunia. Panapotumika biti 32 zenye alama kuhifadhi sekunde hizo, chumba kinajaa zikitimia 2,147,483,647. Ndiyo ile miaka 68 tuliyoisema. Itakuwa Jumanne tarehe 19 Januari 2038, 03:14:07 UTC. Sekunde inayofuata, mfumo usiorekebishwa utarudi tarehe 13 Desemba 1901.

Mifumo ya sasa ya biti 64 imekwishaondoka kwenye hatari hiyo. Wasiwasi uko kwa vifaa vidogo vilivyofungwa ndani ya mashine nyingine, na faili zenye muundo wa zamani. Na usidhani ni jambo la kusubiri: programu inayokokotoa mkopo wa miaka ishirini tayari inazitaja tarehe zilizo upande wa pili.

Imewahi kuleta matatizo ya kweli?

Mifano miwili inayojulikana sana. Desemba 2014 YouTube walitangaza kwamba video ya Gangnam Style ya PSY imekaribia kuvuka 2,147,483,647 kwa idadi ya kutazamwa, na kwamba wamekwishahamia kwenye biti 64. Hapo hakuna aliyeumia, ilikuwa furaha tupu.

Mwaka 2015 mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ilitoa agizo kuhusu ndege za Boeing 787: ndege ikikaa na umeme bila kuzimwa kwa siku 248 mfululizo, kaunta ndani ya programu ya vidhibiti vya jenereta ingefurika na vyote vingeweza kujizima kwa pamoja. Piga hesabu: sehemu za mia za sekunde zipatazo 2³¹ ni siku 248.55. Ndiyo maana wahandisi walipoiona 248 walitambua mara moja mkono wa nani umepita.

(Na ndiyo, Euler naye alikuwa na 248 yake. Ile ni 8 × 31, na hii ni siku. Zimegongana tu. Watu wameniandikia kuhusu hili wakitafuta maana, hamna.)

Je, utasa wake haujawahi kuwafaa watu wa kompyuta hata kidogo?

Umewafaa sehemu moja, tena kwa makusudi kabisa. Kompyuta haiwezi kurusha dadu. Namba za kubahatisha huzitengeneza kwa kanuni. Mwaka 1969 Lewis, Goodman na Miller walipendekeza kanuni hii: chukua namba uliyo nayo, izidishe kwa 16,807, gawanya kwa 2,147,483,647, baki ndiyo namba yako mpya. Park na Miller waliipa umaarufu tena mwaka 1988.

Ukianza na 1, zinafuata 16,807, kisha 282,475,249, kisha 1,622,650,073, kisha 984,943,658. Angalia zinavyorukaruka. Na hatua ya 10,000 lazima iwe 1,043,618,065. Ukiandika programu yako ukapata kitu kingine, umekosea mahali.

Kwa nini 16,807? Ni 7⁵. Ukianza na 1 na kuzidisha kwa 7 tena na tena huku ukichukua baki, unapita kwenye namba zote kuanzia 1 hadi 2,147,483,646, bila kuruka hata moja, kabla ya kurudi 1. Utasa ndio unaowezesha mzunguko mrefu kiasi hicho. Mzunguko wa 7⁵ nao unabaki mrefu vile vile, kwa sababu 5 haimo kwenye vigawo vya 2,147,483,646, ambavyo ni 2 × 3² × 7 × 11 × 31 × 151 × 331. Hapo mtu wa mashine alitaka namba kubwa inayotosha kwenye biti 31, na mtu wa hisabati akataka tasa, na kitu kimoja kikawaridhisha wote.

Kwa michezo midogo inatosha. Usiitumie kutengeneza nywila: aliyeona namba moja anajua zote zinazofuata.

Nimesikia ina uhusiano na namba timilifu. Ni zipi hizo?

Namba timilifu ni ile ambayo ukijumlisha vigawo vyake vyote, ukiiacha yenyewe, unaipata tena. 6 ni 1 + 2 + 3. 28 ni 1 + 2 + 4 + 7 + 14. Euclid alionyesha kwamba kila namba tasa ya Mersenne inazaa moja. Kwa ya kwetu unazidisha 2³⁰ kwa 2³¹ − 1 unapata:

2,305,843,008,139,952,128

Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba hiyo ndiyo namba timilifu kubwa kuliko zote zitakazowahi kugunduliwa, kwa hoja kwamba hazina faida na hakuna atakayehangaika kutafuta nyingine. Alikuwa na akili sana, na utabiri wake haukufika mwisho wa karne. Mwaka 1876 Édouard Lucas alionyesha kwamba 2¹²⁷ − 1 ni tasa. Oktoba 2024 GIMPS, mradi wa watu wanaojitolea kompyuta zao kutafuta namba tasa za Mersenne, ulitangaza 2 yenye kipeo 136,279,841, toa moja: tarakimu 41,024,320. Watu bado wanahangaika.

Inaweza kuandikwa kama jumla ya miraba miwili?

Hapana, wala mitatu. Tarakimu zake tatu za mwisho katika biti ni 111, kwa hiyo ikigawanywa kwa 8 inabaki 7, na namba za namna hiyo daima zinadai miraba minne. Hii hapa moja niliyoitafuta kwa mkono:

46,339² + 425² + 10² + 1²

yaani 2,147,302,921 + 180,625 + 100 + 1.

Kuna njia fupi kuliko ya Euler?

Ipo, ya Lucas, ikanyooshwa na Derrick Lehmer. Anza na 4. Kila hatua: zidisha kwa yenyewe, toa 2, chukua baki ya kugawanya kwa 2³¹ − 1. Zinakuja 14, 194, 37,634, 1,416,317,954, kisha namba zinaanza kuvurugika usizielewe. Ikiwa baada ya hatua 29 umeangukia kwenye sifuri kamili, ni tasa. Unaangukia. Hatua 29 tu, ingawa kila hatua ni kuzidisha namba za tarakimu kumi, na kwa mkono sijui kama Euler angebadilishana.

31 ni tasa ya Mersenne, ikazaa 2,147,483,647 ambayo nayo ni tasa ya Mersenne. Je, nayo haizai?

Mnyororo unavutia kweli: 5 inatoa 31 (2⁵ − 1), 31 inatoa namba yetu. Ni kawaida mtu kutaka kuupandisha ngazi moja zaidi: 2 yenye kipeo 2,147,483,647, toa moja. Namba hiyo ina tarakimu zaidi ya milioni 646.

Si tasa. Inagawanyika kwa 295,257,526,626,031. Na kwa hoja ile ile ya Euler, kigawo chochote cha namba hiyo kikitolewa moja lazima kigawanyike kwa mara mbili ya 2,147,483,647. Jaribu: toa moja, gawanya kwa 4,294,967,294. Unapata 68,745, hakuna baki.